Nyumbani wananiita Injinia, chuoni nimeanza na sapu mbili

Mama, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 20, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi ujenzi katika chuo kikuu kimoja jijini Dar es Salaam. Nyumbani kwetu ni Busisi, wilayani Sengerema, ambako mama yangu amenilea peke yake kwa biashara ya samaki wa kukaanga aliyokuwa akiifanya gatini, abiria wanapokuwa wanasubiri kivuko cha kwenda Kigongo. Ujenzi wa daraja ulipoanza mwaka 2020 nilikuwa kidato cha pili, na kila likizo niliyokaa mezani kwa mama nilikuwa nikizitazama nguzo zikiinuka majini, hadi nikawa najua ipi imeongezeka tangu nilipoondoka. Nikaanza kusema kwamba nitakuwa mhandisi. Majirani wakalidaka neno hilo, wakawa wananiita Injinia, na jina langu halisi likabaki kutumiwa na walimu peke yao.

Kidato cha tano na cha sita nilisoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, katika shule ya bweni ya wasichana, nikapata divisheni ya kwanza kwa pointi 6. Nilipopangiwa uhandisi ujenzi, kanisani kwetu walitangaza na kunichangia nauli. Daraja lenyewe lilifunguliwa Juni 2025 nikiwa kambini JKT. Sote tulifurahi, ingawa ukweli ni kwamba abiria hawasimami tena gatini, na mama amelazimika kuhamishia meza yake stendi ya mabasi, ambako wauzaji wa samaki walikuwa wamejaa tangu zamani.

Nilipofika chuoni nilikuta mambo ambayo hakuna aliyenitayarisha kwayo. Darasa letu la hisabati lina wanafunzi zaidi ya 200, mhadhiri anapitisha slaidi kwa kasi, na mada ambayo sekondari tungeikalia mwezi mzima inamalizwa kwa vipindi viwili. Kilichonitisha zaidi ni uchoraji wa kihandisi. Sijawahi kushika rula ya T maishani mwangu. Wenzangu waliosoma sekondari za ufundi kama Tanga, Ifunda na Moshi walianza kuchora tangu kidato cha kwanza, na wapo wengine walioingia kwa stashahada za vyuo vya ufundi, ambao walishafanya kazi hata kwenye ofisi za ramani. Siku ya kwanza mhadhiri aliuliza ni nani ambaye hajawahi kuchora, nikaona mikono michache, nikaurudisha wangu. Tukipewa picha ya umbo na kuambiwa tuchore mwonekano wa mbele, wa juu na wa ubavuni, mimi naona mistari tu, umbo silioni.

Karakana na maabara tunagawanywa katika makundi ya watu 8. Katika kundi langu mimi ni msichana peke yangu. Wenzangu si wabaya, wananiheshimu, na kwa kuwa nina mwandiko mzuri walinikabidhi kazi ya kuandika ripoti tangu juma la kwanza. Naifanya vizuri, na kundi letu linapata alama nzuri.

Matokeo ya semista ya kwanza yametoka na nina GPA, yaani wastani wa alama, ya 2.1 kati ya 5. Nina sapu, yaani mitihani ya marudio, mbili, moja ya hisabati na nyingine ya uchoraji. Mekanika nilipata B+, sijui ilikuwaje, labda kwa sababu ya zile hesabu za kenchi ambazo nilikuwa nikizifanya usiku hadi nasahau kwenda kula. Masomo mengine ni ya wastani.

Tangu matokeo yatoke silali vizuri. Hosteli sikupata, nalala kwa kubebwa na rafiki yangu, kitanda kimoja watu wawili, kwa hiyo hata nikitaka kuwasha taa usiku siwezi. Kwaya nimeacha. Mama akipiga simu namwambia kwamba matokeo bado, na bumu, zile fedha za kujikimu za mkopo, likiingia namtumia sehemu kwa ajili ya mdogo wangu aliye bweni kidato cha tatu.

Nimewaza mambo matatu. La kwanza ni kuhamia shahada ya sayansi na ualimu, kwa sababu ni rahisi zaidi na mdogo wangu husema ninafundisha vizuri. La pili ni kuahirisha mwaka, nikakae nyumbani na kujipanga. La tatu ni kuendelea hivyo hivyo, lakini naogopa kwamba nitafika mwaka wa pili nikapata disko, yaani kuondolewa chuoni, na hapo nitakuwa nimepoteza miaka na mkopo wa serikali. Kijana mmoja darasani kwetu aliniambia, bila ubaya, kwamba uhandisi una watu wake. Naomba unisaidie, mama: je, mimi ni mmoja wa watu hao, au nilidanganywa na daraja?

Binti wa Busisi, Dar es Salaam

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku huo wa bila usingizi, na pole zaidi kwa kuubeba mzigo wa matokeo peke yako huku ukijibu simu za mama kwa sauti ya kawaida. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu yale uliyoyataja kwa kupita tu yalinivuta kuliko yale uliyoyaeleza kwa kirefu, na ningependa kukurejesha huko kabla hatujazungumzia kuhama au kubaki.

Kama nimekuelewa, unasema hivi: uliingia chuoni ukiwa na matokeo mazuri na jina kubwa, semista moja ikaleta GPA ya 2.1 na mitihani miwili ya marudio, na sasa unaiona namba hiyo kuwa ni hukumu juu ya aina ya mtu uliye. Unaogopa kuendelea na unaogopa kuacha. Unaogopa pia kwamba mama atajua, na hofu hii ya mwisho, ingawa umeipa nafasi ndogo, nadhani ndiyo inayofanya zile mbili zisifikirike kwa utulivu.

Swali lako la mwisho lina maswali mengine ndani yake. Liko swali la kama unaweza uhandisi, liko la kama unaupenda, na liko la kama mazingira unayosomea yanampa mtu yeyote nafasi ya kufaulu. GPA yako imechanganya yote hayo ikatoa namba moja, na wewe umeisoma namba hiyo kana kwamba inajibu swali la kwanza tu. Mimi nina shaka kama inalijibu hata hilo.

Chukua uchoraji. Umeandika kwamba waliotoka sekondari za ufundi walianza kuchora kidato cha kwanza, maana yake wana miaka minne ya kuchora, na wale wa stashahada wana zaidi. Wewe una semista moja, majuma yapatayo 15, ukichanganya na kozi nyingine 6. Kwa hiyo mtihani ule uliwapima watu waliokuwa na muda tofauti wa kujifunza kitu kilekile, nawe umehitimisha kwamba tofauti iliyoonekana ni ya vichwa. Ningekuelewa kama ungesema kwamba umechora kwa miaka minne na bado huoni umbo. Hilo hujalisema.

Yupo mhandisi mmoja Mmarekani, Sheryl Sorby, ambaye amesimulia kwamba alipokuwa mwanafunzi, somo hilihili la uchoraji lilimsumbua sana, ingawa hisabati na sayansi hazikumpa shida. Baadaye akawa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Michigan Tech, na kuanzia mwaka 1993 yeye na mwenzake waliendesha kozi fupi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi ambao, katika jaribio la kuzungusha maumbo akilini, walipata alama za chini. Wanawake walikuwa wengi miongoni mwao kuliko uwiano wao darasani. Kozi ilikuwa ya kushika vitu na kuvichora kwa mkono, tena na tena, na waliopitia humo waliimarika katika uchoraji na wengi wao wakabaki katika uhandisi. Nakueleza habari hii kwa sababu uwezo wa kuliona umbo ndani ya mistari, ambao wewe unadhani watu huzaliwa nao, umeonekana kuwa ni uwezo unaofundishika. Hapa kwetu walimu wa uchoraji wana njia yao ya bei ndogo: kata kipande cha sabuni ya mche kwa wembe mpaka kifanane na umbo lililo kwenye swali, kiweke mbele ya macho, kitazame kutoka mbele, kutoka juu na kutoka ubavuni, kisha chora unachokiona. Ukishafanya maumbo kadhaa, jaribu kuchora kwanza na kukata baadaye. Siwezi kukuahidi kwamba utafaulu kwa sababu ya sabuni, ila baada ya mwezi mmoja wa zoezi hilo utakuwa na ushahidi bora zaidi juu yako kuliko ulio nao leo.

Hisabati ni jambo tofauti kidogo. Sekondari ulikuwa na masomo matatu makubwa pamoja na Maarifa ya Jumla, ukayasoma kwa miaka miwili, na walimu walikuwa wanakujua kwa jina. Kisha ukakaa miezi bila kugusa hesabu, kwanza ukisubiri matokeo na kuwa kambini, halafu ukaingia darasa la watu 200. Wanafunzi wengi wa PCM waliofaulu vizuri walifaulu kwa kufanya mitihani ya miaka iliyopita mpaka mikono ikazoea, na njia hiyo ina manufaa yake, lakini chuoni swali hubadilishwa kidogo tu na mkono uliozoea ukakwama. Hujaniambia unasomaje. Je, unasoma peke yako? Unapokwama unamfuata nani? Umewahi kuhudhuria vipindi vya mazoezi vinavyosimamiwa na wahadhiri wasaidizi, ambako darasa huwa dogo na kuuliza hakutishi? Inawezekana umeyafanya yote hayo na bado ikashindikana, na kama ndivyo, picha ninayokuchorea hapa itabidi ibadilike.

Nimeliacha kwa makusudi jambo lililonifurahisha. Ulipata B+ katika mekanika ukaandika “sijui ilikuwaje”. Sapu mbili unajua zilikuwaje, tena una maelezo kamili kwamba huna kipaji, lakini alama nzuri unaiona kama ajali. Kukokotoa nguvu iliyo katika kila kiungo cha kenchi, kujua kipi kinavutwa na kipi kinabanwa, ndiko kuliko karibu zaidi na kazi ya mhandisi ujenzi kati ya yote uliyosoma semista ile, na ni hapo ulipokuwa ukisahau kula. Sisemi kwamba jambo hilo peke yake linatosha kukubakisha. Nasema tu kwamba mtu anayepima kwa haki huweka mizigo yote miwili kwenye mizani.

Juu ya kundi lenu la karakana, nakubaliana nawe kwamba wenzako si wabaya. Hata hivyo, jiulize ni nani anayekuwa ameshika kifaa wakati wewe umeshika kalamu. Anayeandika ripoti ya kazi ambayo mikono yake haikuigusa anajifunza kuandika, na mwisho wa mwaka wenzake watakuwa wamepima, wamekata, wamekereza na kuchomelea, ilhali yeye ana faili zuri. Kuomba kazi ya uandishi iwe ya zamu hakuhitaji ugomvi. Unaweza kusema kwamba juma hili ungependa kushika tupa na jiliwa, na kwamba fulani ataandika. Huenda mmoja akanung’unika na alama ya ripoti moja ikashuka. Hiyo ni gharama ndogo, ingawa najua kwamba kwa msichana aliye peke yake kati ya wavulana saba, kusema hivyo mara ya kwanza si jambo dogo.

Na yule kijana aliyesema uhandisi una watu wake, namsamehe kwa umri. Kwa utaratibu wa nchi yetu, hata aliyemaliza miaka minne na kupewa shahada haitwi bado mhandisi mtaalamu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi humsajili kwanza kama mhandisi mhitimu, na kwa kawaida hufanya kazi miaka isiyopungua mitatu chini ya usimamizi kabla ya kupanda. Serikali na bodi wanahitaji miaka saba kumtambua mhandisi, yeye amemtambua ndani ya semista moja.

Sasa tuje kwenye njia zako tatu.

Kuhusu ualimu, ningependa kwanza kuuliza neno “rahisi” umelipata wapi. Anayesomea kufundisha hisabati na fizikia hukutana na kalkulasi ileile iliyokupa sapu, na zaidi ya hapo huenda mbele zaidi kuliko mhandisi katika baadhi ya mada. Ukihamia huko kwa kuikimbia hisabati, utaikuta imekutangulia. Lakini liko jambo jingine ambalo sitaki kulipuuza: mdogo wako anasema unafundisha vizuri, na inawezekana kabisa kwamba unapofundisha unapata furaha ileile ya kenchi. Kama ni hivyo, ualimu unastahili kufikiriwa kwa heshima yake, kama kazi unayoitaka, na wapo waliohama uhandisi kwa sababu hiyo wakaishi vizuri bila majuto. Jitazame siku moja ukiwa huna hofu ya matokeo, uone kama wazo hilo bado lipo. Ujue pia kwamba uhamisho wa kozi una taratibu za chuo na za Tume ya Vyuo Vikuu, na kwa kawaida hufanyika mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Kwa kuwa uko semista ya pili, huenda ukatakiwa kuanza upya mwaka wa kwanza mwezi Oktoba au Novemba, na mkopo wako umeidhinishwa kwa kozi uliyonayo. Kabla ya kuandika barua ya kuhama, nenda ofisi ya mikopo hapo chuoni ukaulize waziwazi nini kitatokea kwa miaka uliyokwisha kupewa.

Kuahirisha mwaka kuna faida kwa mtu aliyeugua, aliyefiwa, au aliyekosa kabisa fedha za kuendelea, na vyuo kwa kawaida huomba sababu za namna hiyo pamoja na vielelezo. Wasiwasi wangu ni kwamba hukuniambia utakachokifanya Sengerema kwa muda huo. “Kujipanga” kunaweza kuwa na maana ya kusoma hisabati kila asubuhi kwa ratiba, na kunaweza kuwa na maana ya kukaa stendi kumsaidia mama mpaka vitabu vipate vumbi, hasa kwa kuwa fedha za kujikimu husimama mwanafunzi anapokuwa nje ya masomo. Kama usingizi unaendelea kukosekana, kama hamu ya kula imepotea, kama unajikuta unalia bila sababu au unawaza kwamba ni afadhali usingekuwepo, hapo jambo linabadilika, mwanangu, na mapumziko yanaweza kuwa tiba. Usisubiri mpaka huko. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ina watu wa kukusikiliza, nawe nenda hata kama unaona tatizo lako ni dogo. Umeacha kwaya, na hilo linanisumbua kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu naona umeacha mahali pekee mjini ambapo hakuna aliyekuwa akikupa alama.

Kuendelea nako kuna hatari zake, na sitazificha. Una kozi za semista ya pili zinazoendelea wakati huu, na juu yake una sapu mbili za kujiandalia, ambazo vyuo vingi huzifanyisha wakati wa likizo ndefu, kabla ya mwaka mpya wa masomo. Katika vyuo vyetu vingi anayefaulu sapu huandikiwa C hata akipata alama za juu. Asiyefaulu anaweza kubeba somo, kurudia mwaka, au kuondolewa, kutegemea kanuni za chuo chake, na hizo wewe unatakiwa uzisome kwenye kitabu cha kanuni badala ya kuzisikia kwenye korido, maana korido hutisha kuliko kanuni zenyewe. Kuendelea “hivyo hivyo”, kama ulivyoandika, ndiko ninakokuogopa. Mwanafunzi anayebaki huku kitanda, kundi, namna ya kusoma na siri vikiwa vilevile, hana sababu kubwa ya kutarajia namba tofauti.

Kwa upande mwingine, tufanye hesabu ambayo nadhani hofu haikukuruhusu kuifanya. Shahada yako ina semista 8. Tukichukulia kwamba uzito wa semista zote unalingana, na ukapata wastani wa 3.2 katika 7 zilizobaki, utamaliza na GPA ya takribani 3.1, ambayo ni daraja la pili la chini. Ukipata wastani wa 3.8, utamaliza na 3.5 na ushee, ambayo ni daraja la pili la juu. Sijui kama utazipata alama hizo, wala wewe hujui. Lakini ile 2.1 inayokunyima usingizi ni sehemu moja katika 8, na huu ndio ukubwa wake halisi.

Nimebakiza mama na fedha. Umelitaja bumu kwa nusu sentensi, baada ya koma, kana kwamba halihusiani na matokeo. Mimi naona linahusiana sana. Fedha hizo zilitolewa ili ule, ulale na usome. Wewe unagawana na nyumbani, halafu unalala kitanda kimoja na mwenzako na huwezi kuwasha taa. Sitakuambia uache kumsaidia mdogo wako, kwa sababu najua maana ya kuwa mtoto wa kwanza katika nyumba ya mama mmoja, na najua gati lilivyokauka. Ninachouliza ni kama mama anajua fedha hiyo inatoka wapi na inakugharimu nini. Wazazi wengi wanalisikia neno mkopo na kudhani kuna ziada. Akijua, huenda akasema tuma nusu yake, au usitume mpaka mwezi wa saba, au kanisa litusaidie kwa mdogo wako. Huenda pia asiwe na njia nyingine, na hapo mtaamua wote wawili mkiwa na habari ileile. Kwa sasa yeye anapanga mambo ya nyumba kwa kutegemea mtoto ambaye hayupo, yule asiye na sapu.

Unaamini kwamba ukimwambia atavunjika. Inawezekana ataumia, na jioni ile itakuwa ngumu kwenu wote. Lakini mwanamke huyu aliondolewa biashara yake ya miaka mingi na daraja ambalo binti yake alilipenda, akabeba meza yake akaenda kuanza upya stendi katikati ya washindani. Habari ya mitihani miwili ya marudio ina uzito gani kwa mtu wa namna hiyo? Wewe unamjua, mimi simjui, kwa hiyo swali hili nakuachia. Kama simu inakushinda, yupo mjomba, mama mdogo, au mzee wa kanisa anayeweza kukaa naye unapomweleza.

Juu ya jina Injinia, majirani hawatalifuta hata ukiwa mwalimu au mfanyabiashara. Majina ya utani ya kwetu hayafuati vyeti. Usilihesabu katika uamuzi huu.

Katika majuma mawili yajayo, kabla hujaamua lolote, ningependa ufanye mambo machache ambayo hayakufungi kwenye njia yoyote. Omba kuonana na wahadhiri wa kozi mbili ulizoanguka na uwaulize kama unaweza kuoneshwa ulipopoteza alama, kwa sababu kuna tofauti kubwa kati ya aliyekosa mbinu na aliyeishiwa muda. Mfuate mmoja wa vijana wa Ifunda au Tanga umwombe akuelekeze kuchora, nawe umfundishe kenchi. Huenda akafurahi kuliko unavyodhani. Uliza ofisi ya malazi kama kuna nafasi zilizoachwa wazi katikati ya mwaka. Kisha niandikie tena, na safari hiyo uniambie wahadhiri walisema nini, ofisi ya mikopo ilijibu nini, na mama alipokea vipi kama utakuwa umemwambia.